Besiboli Haiboi, Ni Nyinyi Hamwezi Kungoja

Wiki iliyopita niliposti picha ya skrini yangu saa nane usiku. Mechi ya besiboli ilikuwa inaendelea, nikaandika tu, "Awamu ya saba, bado niko." Komenti zikaja kama mvua ya Aprili. Mmoja akaniuliza kama niko sawa kichwani. Mwingine akasema huo ni mchezo wa wazee wa Marekani wanaosimama kwa nyasi wakitema maganda ya mbegu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniuma, akaandika: "Buda, ulidropu kampo ndio ukeshe ukiangalia hii?"

Sawa. Leo nimeketi, niwajibu wote mara moja. Huyo wa tatu asubiri, nitamfikia.

Msimamo wangu ni huu. Besiboli haiboi. Nyinyi mmezoeshwa vitu vya sekunde thelathini hadi mtu akiwaambia mngoje dakika tano mnahisi ni kama amewaibia. Na mimi ninayesema hivi ni mmoja wa waliowazoesha, kwa sababu video zangu ni za sekunde thelathini na ndizo zinanilipia renti. Kwa hivyo si kwamba najiona. Hii haraka naijua kutoka ndani.

Kwanza niwaambie nilivyofika hapa. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imekwama, hiyo mnajua. Sijawahi kuwaambia kwamba pia nilikuwa nimefeli masomo matatu. Nikahamia keja ya rafiki Githurai, nikaanza zile kazi za mtandaoni za kusikiliza sauti na kuandika kila neno, unalipwa kwa dakika ya sauti. Usiku mmoja nikapewa faili ya dakika arobaini. Mzee wa Chicago alikuwa anamsimulia mjukuu wake kuhusu babake, na kila baada ya dakika mbili anataja Cubs. Mimi nikadhani familia yao ilifuga wanyama. Ilibidi nitafute kwa intaneti ndio niandike vizuri, nisikatwe pesa.

Kumbe Cubs ni timu. Chicago Cubs walichukua ubingwa 1908, halafu hawakuuchukua tena hadi 2016. Hiyo ni miaka 108. Shabiki wa Arsenal aliyengoja ligi miaka zaidi ya ishirini na kutupigia kelele kila msimu, hebu kaa chini kidogo. Babake huyo mzee alizaliwa akiwa Cubs, akaoa akiwa Cubs, akazikwa akiwa Cubs, na hakuona kombe hata moja. Basi timu iliposhinda 2016, huyu mzee akaenda hadi Wrigley Field, uwanja wa nyumbani wa Cubs, na chaki mfukoni. Mechi haikuwa hapo, mechi ya mwisho ilichezwa Cleveland. Yeye alienda kuandika jina la babake ukutani.

Nilisimamisha sauti. Nikasema huyu mzee anatunga. Nikatafuta picha, na manze, ukuta wote wa matofali nje ya uwanja ulikuwa umejaa majina. Maelfu ya watu walikuwa wamekuja na chaki kuwaandika wazazi, mabibi na mababu, marafiki, watu waliongoja maisha yote na wakaondoka kabla ya siku yenyewe. Nilimaliza ile faili saa kumi usiku. Kesho yake nikatafuta mechi yangu ya kwanza.

Sasa, mchezo wenyewe. Usiniambie hauelewi. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, ulicheza raunda. Mpira, fimbo, vituo, na mwalimu wa michezo mwenye filimbi na hasira. Unapiga, unakimbia, ukiguswa umetoka. Besiboli ni binamu ya raunda aliyeenda ng'ambo akapata pesa. Timu mbili, watu 9 uwanjani, awamu 9. Kila awamu timu inapiga hadi watu wake 3 watolewe, halafu zamu inaenda kwa wengine. Ukizunguka besi 3 na kurudi pale ulipoanzia, umepata pointi. Na pale ulipoanzia panaitwa nyumbani. Ukipiga mpira ukavuka ukuta, hiyo ni homurani, unazunguka polepole kama mwenye ploti siku ya kukusanya kodi. Ni hivyo tu. Mengine utajifunza ukiendelea.

Tuanze na hii lawama ya muda. Mnasema mchezo hauna saa kwa hivyo hauishi. Mimi nasema hapo ndipo utamu uko. Kandanda naipenda, sitadanganya, lakini sote tunajua dakika ya 88 inavyokuwa timu ikiongoza moja bila. Kipa analala chini ameshika goti ambalo hakuna mtu ameligusa. Mtu wa kurusha anaupeleka mpira kwa mwenzake, mwenzake anaurudisha. Winga anaenda kona kuuficha mpira kama mtu anaficha chapo kwa mfuko. Tunaita hiyo akili.

Besiboli haikupi hiyo njia. Ukitaka kushinda mechi ya kawaida lazima uwatoe wapinzani 27. Hata ukiwa mbele kwa pointi kumi na amebaki mmoja tu, lazima umrushie mpira aupige. Huwezi kulala chini. Huwezi kuficha mpira. Lazima umpe adui nafasi yake yote, halafu umshinde nayo ikiwa mikononi mwake.

Angalia Boston Red Sox 2004. Wanacheza na New York Yankees, wanaowachukia kuliko mtu yeyote duniani. Anayeshinda mechi nne kati ya saba anasonga mbele. Boston wameshapoteza tatu za kwanza. Mechi ya nne, awamu ya tisa, wako nyuma 4-3, na anayerusha ni Mariano Rivera, labda mfungaji wa mechi bora kuwahi kuonekana. Kwa kandanda hapo watu wameshatoka kutafuta matatu. Boston wanapata mtu mmoja kwenye besi ya kwanza. Wanamtoa, wanamwingiza Dave Roberts, ambaye kazi yake ni moja tu: kuiba besi ya pili. Uwanja wote unajua ataiba. Rivera anajua. Mdakaji anajua. Akaiba. Mpigaji aliyefuata akapiga, Roberts akarudi nyumbani, ikawa 4-4. David Ortiz akaimaliza kwa homurani awamu ya 12. Boston wakashinda hiyo, na ya tano, na ya sita, na ya saba, halafu wakachukua ubingwa ambao hawakuwa wameuona tangu 1918. Hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyowahi kutoka nyuma kwa mechi tatu bila na ikashinda.

Najua mjuaji mmoja atakuja kunikumbusha saa ya mrushaji iliyoletwa 2023. Ndiyo, ipo. Mrushaji anapewa sekunde 15 besi zikiwa tupu, na mechi zilifupika kwa zaidi ya dakika 20. Lakini hiyo saa inawaharakisha mrushaji na mpigaji tu. Haimalizi mechi. 2025, fainali ya Dodgers na Toronto Blue Jays, mechi ya tatu ilienda awamu 18, yaani mechi mbili ndani ya moja. Kwetu ilianza saa tisa usiku, ikaisha karibu saa nne asubuhi. Majirani walikuwa wameshaenda kazi, mimi niko pale na chai ya pili imepoa, na mchezo bado unakataa kuamua. Sijawahi kujutia huo usingizi.

Jambo la pili ndilo la muhimu kwangu, na hapa ndipo nilipangia yule wa tatu.

Katika besiboli, mpigaji akifaulu mara tatu kati ya kumi, huyo ni staa. Tatu. Maana yake anakosa mara saba, mbele ya watu elfu arobaini, na anaitwa hodari. Ukiziacha ligi za wachezaji weusi, mtu wa mwisho kufaulu zaidi ya mara nne kati ya kumi kwa msimu mzima wa ligi kuu alikuwa Ted Williams, wastani wa 0.406, na hiyo ilikuwa 1941. Kwa nini ni vigumu hivyo? Kwa sababu mrushaji anasimama mita 18 na kitu kutoka kwako, anakurushia mpira wa kilomita 150 kwa saa na zaidi, na una chini ya nusu sekunde kuamua kama unapiga au unauacha. Ukikosea, unarudi kwa benchi, unakunywa maji, unangoja zamu yako. Na zamu itakuja. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Karibu kila siku. Ukiaibika Jumanne, Jumatano unaitwa tena.

Timu pia ziko hivyo. Seattle Mariners 2001 walishinda mechi 116, rekodi waliyokuwa nayo Cubs pekee tangu 1906. Bado walipoteza 46, na hata fainali hawakufika. Chicago White Sox 2024 walikuwa vituko, walipoteza 121. Lakini walishinda 41. Kuna shabiki alienda uwanjani na mtoto wake moja ya siku hizo 41 na wakarudi nyumbani wakiimba. Huu mchezo hauna mtu anayeshinda kila siku, na hauna mtu anayeshindwa kila siku.

Sasa linganisha na sisi. Hapa unafanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, wiki chache, na ile herufi inakufuata hadi kwa harusi. Mjomba hajakuona miaka sita lakini anakumbuka ulipata nini. Ukifeli somo chuo, unafichaficha kama umeiba. Ukitoka chuo kabisa, kwa mikutano ya familia wewe ndiye mfano wanaopewa wadogo. Hatuna neno la mtu aliyekosa na bado yuko mchezoni. Tuko na "amefaulu" na "amepotea."

Wewe wa tatu, ndiyo, nilidropu. Nilikosa. Na kila usiku nikiangalia mtu aliyelipwa mamilioni ya dola akirusha gongo hewani, mpira ukimpita, halafu anatembea kurudi bila kukimbia na bila kulia, najifunza kitu ambacho hakuna mhadhiri aliwahi kunifundisha. Mathe aliwahi kuniuliza ni nini hii naangalia usiku. Nikamweleza ile hesabu ya saba kati ya kumi. Akauliza, "Na wakikosa hawafukuzwi?" Nikamwambia la, wanarudi kwa foleni. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Tatu: kumbukumbu. Mashabiki wa besiboli ni wagonjwa wa hesabu. Kila mpira unaandikwa. Mnaona hiyo kama ushamba wa takwimu, lakini hebu fikiria nani anaandikwa na nani haandikwi. Kwa miongo mingi ligi kuu za Marekani ziliwafungia nje wachezaji weusi. Wakaunda ligi zao, Negro Leagues, na humo kulikuwa na watu hatari. Josh Gibson alikuwa mmoja. Alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, 15 Aprili 1947, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na ukuta ukaanza kuanguka. Gibson alikosa hiyo siku kwa miezi mitatu.

Lakini hesabu zake zilikuwa zimeandikwa. Kulikuwa na magazeti ya watu weusi yaliyochapisha matokeo, na watafiti wakakaa miaka wakiyakusanya mechi baada ya mechi. 2024, ligi kuu ikakubali rasmi kuziingiza takwimu za Negro Leagues kwenye vitabu vyake. Ukiangalia leo ni nani ana wastani bora wa kupiga kwa maisha yote ya mchezo, jina la kwanza ni Josh Gibson, 0.372. Sisemi hiyo inalipa deni. Hailipi. Lakini niambie ni wapi pengine umeona mtu akiwekwa nambari moja miaka 77 baada ya kuzikwa, kwa sababu tu kuna mtu alijali kuandika matokeo ya Jumamosi moja. Na kila 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi wanavaa namba 42 ya Robinson. Siku nyingine zote hakuna anayeruhusiwa kuichukua.

"Lakini huo ni mchezo wa Wamarekani." Waambie Wajapani. Waambie Wadominika na Wakyuba. 2023, fainali ya kombe la dunia la besiboli, Japani inaongoza Marekani 3-2, amebaki mtu mmoja atolewe. Anayerusha ni Shohei Ohtani. Anayepiga ni Mike Trout, nahodha wa Marekani, ambaye klabuni ni mwenzake wa timu moja. Ohtani akamtoa. Hata mtunzi wa filamu angeona haya kuandika hivyo.

Na Afrika iko. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia kwenye chumba kidogo ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mamake alifanya kazi. 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kusimama kupiga, akapiga na akafika besi. Jirani zetu hapa Uganda, timu yao ya watoto ilifuzu mashindano ya dunia ya watoto ya Marekani 2011, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo, na kabla ya kurudi wakawachapa watoto wa Oregon 3-2. Lugazi, wasee. Hapo unapopita na basi ukienda Kampala, umelala mdomo wazi.

Sasa, sitawauzia kitu bila kuwaonyesha kasoro. Wanaita fainali yao "ya dunia" na timu 29 kati ya 30 ziko Marekani, hiyo ni madharau. Pesa zimeharibu usawa: Dodgers walimpa Ohtani mkataba wa dola milioni 700, na wakachukua ubingwa 2024 na tena 2025. Na kamari imewauma tangu zamani. Wachezaji wanane wa White Sox walifungiwa maisha kwa kashfa ya kuuza fainali ya 1919. Juzi tu, mkalimani wa Ohtani alifungwa kwa kumwibia karibu dola milioni 17 za kulipia madeni ya beti.

Na hapo kwa kamari ndipo nataka kuwagusa, kwa sababu ni hapo tunaumia. Jiulize mara ya mwisho uliangalia mechi bila slipu. Mimi nimekaa na mbogi yangu tukiangalia mechi ya timu mbili ambazo hakuna aliyejua hata zinatoka mji gani, na watu wanashika vichwa kwa kona. Bao linaingia, la ajabu, la kuangaliwa mara kumi, na msee anatukana kwa sababu alikuwa ameweka chini ya mabao matatu. Hatuangalii mpira tena. Tunaangalia M-Pesa ikiwa imevaa jezi. Nilikuwa hivyo pia, na sehemu ya ile karo iliyokwama, hiyo pia sijawahi kuisema hapa, ilienda huko.

Yule mzee wa Chicago na babake hawakuwa na slipu. Miaka 108 haina odi. Huwezi kuipenda timu isiyoshinda maisha yako yote kwa sababu unatarajia kulipwa. Unaipenda kwa sababu babako aliipenda, kwa sababu iko kila jioni kwa redio kama jirani anayesalimia kwa dirisha, kwa sababu leo walipoteza na kesho wanacheza tena. Mashabiki wa besiboli wanaipenda besiboli kwa kukaa nayo. Hakuna njia ya mkato, na ndio maana inawashinda.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Tafuta mechi moja. Weka simu nyingine mbali, usiweke beti, usiruke mbele. Angalia awamu tatu tu, mrushaji na mpigaji wakisomana kama watu wawili kwa mlango mmoja. Ukimaliza na bado unaboeka, rudi hapa unitukane, nitakujibu kwa heshima.

Na wewe wa tatu, karibu pia. Nakesha leo. Mechi inaanza saa nane, chai ipo.